Baba Anarudi Amechoka: Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi

Barua kuhusu akina baba na uchovu wa moyo zimekuwa nyingi kuliko ukurasa wenyewe. Tumechagua saba, tumezifupisha na kuondoa majina. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu karibu nusu ya barua nyingine zinauliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

"Mke wangu anasema naingia nyumbani na mpaka"

*Mimi ni wakala wa duane (forodha), kazi yangu iko Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Natoka Katuba saa 11 alfajiri, narudi saa 2 usiku, siku nyingine hata saa 4. Kutwa ni malori, makaratasi na wateja wanaopiga simu. Nikifika, mtoto akiniletea daftari la hesabu, au umeme ukiwa umekatika na mishumaa haijanunuliwa, napiga kelele hadi najishangaa mwenyewe. Mkubwa ana miaka tisa. Siku hizi akisikia mlango anakimbilia chumbani. Muda wa kwenda kutafuta mshauri sina. Nifanye nini? Baba wa watatu, Katuba*

Baba, tuanze na mwili. Mtu anayesukumwa kutwa na simu na foleni huwa katika hali ya kujihami: moyo unakwenda mbio, mabega na taya vimekaza, na homoni za dharura, adrenalini na kortisoli, ziko juu. Hali hiyo haiishi kwa sababu umevua viatu mlangoni. Mtoto mwenye daftari anakukuta kweli bado uko mpakani, mama watoto ameona sawasawa. Kazi ya kutulia inabidi ifanyike njiani, katika zile kilomita karibu 90 za kurudi, kwa sababu ukifika utakuwa umechelewa.

La kwanza ni chakula. Aliyekunywa chai alfajiri na kungoja bukari (ugali) ya usiku anafika nyumbani sukari ya damu ikiwa chini, na ubongo wenye njaa hukasirika upesi. Kula kitu saa 9 au saa 10 alasiri: ndizi mbili na karanga za kujaa kiganja, au mkate na yai la kuchemsha, pamoja na maji. Soda peke yake haisaidii sana. Inakupandisha haraka, na baada ya muda mfupi uchovu unarudi uleule.

La pili ni simu. Chagua mahali njiani, tuseme kwenye peaje, pale pa kulipia barabara, ambapo simu ya kazi inazimwa. Wateja waambie mapema: "Baada ya saa 1 jioni nitakujibu kesho saa 12 asubuhi." Mpango huu huharibika kwa njia ileile kila mara: unamwachia mteja mmoja mkubwa nafasi ya kukupigia, na baada ya wiki mbili wamekuwa wanne. Kama kweli kuna mzigo usioweza kungoja, tenga dakika 15 watoto wakishalala na useme wazi kwamba ni hizo tu.

La tatu ni pumzi. Kama unaendesha gari mwenyewe, simamisha kwanza. Kama uko kwenye taksi-basi, weka mkono juu ya tumbo, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne na tumbo lisukume mkono, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Hiyo ni pumzi sita hivi kwa dakika, nawe fanya dakika tano. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta huamsha neva ya vagasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupunguza mwendo wa moyo. Makosa ni mawili. Wengine wanajaza kifua kwa nguvu hadi kichwa kinazunguka na vidole vinachonyota: hewa ya kaboni, ile tunayoitoa tukipumua, imeshuka mno katika damu, basi punguza hewa unayovuta na usiivute kwa nguvu. Wengine wanangoja hadi wamekasirika ndipo wajaribu kwa mara ya kwanza. Haifanyi kazi hivyo. Fanya kila siku ukiwa mtulivu kwa wiki mbili, ndipo mwili utaikumbuka siku ya matata.

Sasa mlangoni. Jumapili, watu wote wakiwa wametulia, waambie nyumbani: "Nikifika nipeni dakika 15, halafu mimi ni wenu." Ukingoja kulisema usiku umesimama mlangoni, watasikia amri. Katika hizo dakika 15 usijitupe kwenye kiti na simu. Msalimie kila mtoto kwa jina na umguse kichwa au bega, nawa, badilisha nguo, kaa. Habari za mishumaa, mwalimu na jirani zinangoja dakika ya 16. Salamu haingoji. Baba anayepita moja kwa moja chumbani bila kusalimia anawafundisha watoto kwamba hatari ipo, hata asipofungua mdomo.

Kuhusu daftari la hesabu, tutakuwa wakali kidogo. Mtoto wa miaka tisa anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Akiamka saa 12 asubuhi kwa ajili ya shule, saa 3 usiku awe amelala tayari. Hesabu za saa 2 na nusu usiku, mbele ya mshumaa na baba mwenye njaa, zingemshinda mtoto yeyote. Kazi za shule zihamishiwe alasiri, na mama, shangazi au mtoto wa jirani aliye darasa la juu. Wewe bakia na sehemu fupi: angalia daftari lililokamilika, uliza swali moja, weka saini. Jumamosi mpe saa nzima ya hesabu.

Hata hivyo utakasirika tena. Ijue dalili yako ya kwanza, kwa sababu kila mtu ana yake: masikio kupata joto, meno kukazana, sauti kupanda, kurudia sentensi moja. Ukiiona, sema: "Natoka nje dakika 20, nikirudi tutamaliza." Dakika 20 ni muda ambao mwili huhitaji, kwa kadiri, ili adrenalini ishuke. Kuondoka bila kusema utarudi lini kunaeleweka kama dharau, na ugomvi unakungoja umekua. Na ukizitumia hizo dakika kupanga maneno ya kumshinda mwenzako, utarudi ukiwa umewaka kuliko ulivyotoka. Zunguka nyumba, teka maji, hesabu ngazi, chochote kinachoshughulisha mikono au miguu.

Mtoto anayekimbilia chumbani yuko upande wako zaidi ya unavyodhani. Kinachojenga imani yake ni jinsi unavyorudi baada ya kukosea. Siku uliyopiga kelele, kabla hajalala au kesho yake asubuhi, inama hadi macho yenu yalingane, useme: "Jana nilikupigia kelele. Ulikuwa umeleta daftari tu. Kosa ni langu." Ishia hapo. Ukiongeza "lakini na wewe..." umeifuta radhi yote. Usimnunulie biskuti badala ya maneno, wala usimlazimishe akukumbatie. Wazee wengine watakuambia baba haombi radhi kwa mtoto. Tunawaheshimu, ila hapa hatukubaliani nao: mtoto asiyeombwa radhi hujieleza mwenyewe sababu ya kelele, na sababu anayoipata karibu kila mara ni kwamba yeye ni mbaya.

"Nikirudi kutoka Kolwezi mimi ni mgeni"

*Nafanya kazi ya mgodi, siku 21 kule, siku 7 hapa Kampemba. Kila nikirudi nakuta mambo hayako sawa: watoto wanalala wakitaka, simu mezani wakati wa kula. Najaribu kurekebisha, tunagombana na mke wangu siku nne, ya tano tunapatana, ya saba naondoka. Baba wa wawili*

Papa, nyumba iliyokaa bila wewe siku 21 ilijitengenezea utaratibu ili iweze kwenda. Unaporudi na kuanza ukaguzi siku ya kwanza, mama watoto anasikia kwamba wiki tatu za kazi yake zimehesabiwa kuwa sifuri.

Siku mbili za kwanza usibadilishe kitu chochote. Lala, kwa sababu hasira ya siku ya kwanza mara nyingi ni deni la usingizi wa zamu na kilomita 300 za barabara. Fuata saa zao za kula na kulala jinsi ulivyozikuta. Siku ya tatu, mtoto akiwa hayupo, muulize mwenzako: "Ni jambo gani limekuchosha zaidi nilipokuwa mbali?" Ulibebe hilo kwanza, ndipo useme lako. Moja tu. Sheria mpya ambayo mama hawezi kuisimamia peke yake kwa siku 21 usiiweke, itavunjika ukiwa bado njiani na mtoto atajua kwamba neno la baba lina wiki moja.

Ukiwa kule, simu fupi ya saa iliyopangwa inashinda simu ndefu za kubahatisha. Dakika 10, siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi saa 1 jioni. Usiulize "shule vipi?", utajibiwa "muzuri" na mazungumzo yamekwisha. Uliza kitu chenye mwili: leo umekaa karibu na nani darasani, mbwa wa jirani amepona? Mtandao ukikataa, rekodi sauti na uitume. Mtoto mdogo atairudia mara kumi.

Kila mtoto umpe dakika 20 zake peke yake katika zile siku saba, na yeye ndiye achague cha kufanya. Hata kama ni kupanga vizibo vya chupa.

"Chupa mbili za jioni, kuna ubaya?"

*Nakunywa bia mbili kubwa za Simba kila jioni kabla ya kuingia nyumbani, zinanituliza. Silewi. Kuna shida? Dereva, komuni ya Kenya*

Zinatuliza kweli, kwa saa mbili hivi. Hesabu yake hii hapa: chupa ya sentilita 70 na kitu yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 27 au 28 za alkoholi safi. Mbili ni kama gramu 55. Ini la mtu mzima husafisha gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo ukimaliza saa 2 usiku, mwili unahangaika nayo hadi alfajiri. Ndiyo maana unalala upesi na kuamka saa 9 usiku moyo ukidunda, kisha kesho yake una hasira unayoidhani ni ya barabara. Kwa dereva anayewasha gari saa 11 alfajiri, tunaomba hesabu hiyo isomwe mara mbili.

Anza kwa kuondoa jioni tatu kwa wiki, zitajwe kwa majina. Jioni hizo usipite njia ya baa, kwa sababu azimio lenye kuona meza za marafiki halidumu. Kama unakunywa zaidi ya hapo, au unaongeza lutuku (pombe kali ya kienyeji), na asubuhi mikono inatetemeka hadi unywe kidogo, usiache ghafla peke yako. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Nenda hospitali ukasimamiwe.

"Mshahara umechelewa na kila mtu ananitazama mimi"

*Mimi ndiye mwenye kazi katika familia. Mshahara unachelewa miezi miwili, mitatu. Wawili wako sekondari, minervali (ada ya shule) inadaiwa kwa dola na mimi nalipwa franga. Kaka zangu wanapiga simu, kuna matanga, kuna mgonjwa. Usiku silali, nahesabu. Nikiamka siwezi hata kuzungumza na mtu. Baba, Ruashi*

Ndugu, hatuwezi kuleta mshahara. Tunachoweza ni kukuonyesha jinsi ya kuzuia usiku usile nguvu za mchana, kwa sababu unazihitaji kutafuta pesa.

Chukua daftari. Saa 1 jioni, si kitandani, tenga dakika 20 za kuhesabu matatizo kwa makusudi. Andika yote bila kuyapanga. Kisha weka alama mbele ya kila moja: A kama kuna kitu unaweza kufanya wiki hii, B kama unamngojea mtu mwingine, C kama halimo mikononi mwako kabisa. Mshahara ni B. Bei ya dola ni C. Minervali, utashangaa, ni A. Kosa la kawaida ni kutumia zile dakika 20 zote kwenye C, kwa sababu ndiyo inayouma zaidi.

Chagua A moja. Iandike kwa namna inayoshikika: "sina pesa" haishikiki, lakini "nadaiwa dola 120 na tarehe ya mwisho ni ya 15" inashikika. Orodhesha njia zote hata za kipuuzi, chagua moja, uipe siku na saa. Kwa minervali njia bora kwa kawaida ni kufika shuleni kabla ya watoto kufukuzwa. Nenda kwa mhasibu wa shule wiki moja mapema na karatasi iliyoandikwa: dola 40 tarehe hii, 40 tarehe ile, 40 mwezi ujao. Omba saini. Anza na kiasi kidogo ulicho nacho siku hiyohiyo, kwa kuwa ahadi yenye dola 10 mkononi inasikilizwa kuliko ahadi tupu. Ukingoja mtoto arudishwe nyumbani, utafika na aibu na hasira, na mazungumzo ya namna hiyo hayazai awamu. (Watoto wa shule ya msingi ya serikali ni jambo jingine. Elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019, na hapo una haki ya kuuliza kila malipo ni ya nini.)

Kuhusu kaka: hapa akina baba wengi wanavunjika kwa sababu wanaamua kila ombi upya, simu moja baada ya nyingine, na kila uamuzi unachubua. Amua mara moja kwa mwezi. Wewe na mama watoto kaeni siku ya mshahara, mtenge kiasi cha ukoo kabla maombi hayajaanza, hata kiwe kidogo, na cha matanga kiwe kando. Kikiisha, jibu ni: "Kaka, fungu la mwezi huu limekwisha. Mwezi ujao uko wa kwanza." Usieleze zaidi, kwa sababu kila sababu unayotoa inajibiwa. Usiahidi kwa ajili ya kukata simu tu, deni la ahadi linarudi na riba. Wala usimtupie mama watoto lawama ("yule mke wangu hataki"), utaokoa dakika moja na kuharibu miaka. Fungu la likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, lisiguswe kwa maombi haya. Ukishindwa zamu yako pale, unapoteza pesa pamoja na watu ambao wangekukopesha siku ya kweli.

Usiku ukiamka, usiwashe simu kuangalia salio. Ukiona dakika 20 hivi zimepita bila usingizi, inuka, kaa kwenye kiti bila mwanga mkali, andika neno moja la kesho saa 1 jioni, urudi kitandani kope zikiwa nzito. Kitanda cha kuhesabia madeni kinazoea kazi hiyo, na baada ya miezi michache kulala tu chali kunatosha kuanzisha hesabu.

Na mtu wa kuzungumza naye. Si lazima awe mshauri. Chagua mmoja ambaye hana deni nawe wala wewe huna deni naye, umwambie mapema: "Sikuombi kitu, nataka unisikilize robo saa." Bila sentensi hiyo rafiki ataanza kujikuna kichwa akitafuta pesa, au atakupa mahubiri.

"Baba akilia mbele ya watoto, heshima inaisha?"

*Tulipomzika mama yangu, nililia nyumbani. Shemeji alinikemea. Baba, Kamalondo*

Haiishi. Waambie watoto sababu kwa sentensi moja: "Nalia kwa sababu bibi yenu amekufa, si kosa la mtu, na nitaendelea kuwatunza." Mtoto anatishwa na chozi lisiloelezwa. Shemeji atapoa.

"Tangu mtoto azaliwe, mume wangu amenyamaza"

*Mtoto wetu wa pili ana miezi mitatu. Mume wangu hali vizuri, halali hata mtoto akilala, kanisani hataki, mpira hatazami. Anameza dawa ya malaria kila mara. Juzi alisema sisi tungekuwa salama bila yeye. Mama yake anasema amerogwa. Mama, Annexe*

Mama, hii tunaomba uichukulie kuwa ya haraka, leo, si wiki ijayo, kwa ajili ya lile neno la juzi.

Muulize waziwazi, mkiwa wawili, sauti ya chini: "Uliposema tungekuwa salama bila wewe, unafikiria kufa? Unafikiria kujiua? Umepanga namna?" Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, mara nyingi kunamfungua. Akikubali, asibaki peke yake hata saa moja. Sumu ya panya, dawa za shambani na vidonge vingi vilivyomo nyumbani vitoke kabisa, vipelekwe kwa jirani unayemwamini. Mpelekeni hospitali siku hiyo. Hapa mjini kuna Hospitali ya Jason Sendwe, na kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Kama vyote viko mbali, anzieni kituo cha afya kilicho karibu, na mseme sentensi yake ileile, bila kuifunika kwa "ana homa kidogo".

Unayoyaeleza yanafanana na mfadhaiko mkubwa, depresheni. Wahudumu huangalia huzuni au kukosa hamu ya vitu alivyopenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi na chakula kubadilika, nguvu kuisha, kujilaumu, mawazo ya kifo. Baba pia huipata baada ya mtoto kuzaliwa. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2010 zilikuta kama baba mmoja kati ya kumi. Wengine hawaonekani wenye huzuni. Wanakuwa wakali, wanakunywa, wanajificha kazini.

Malaria ipimwe kabla ya kumeza kidonge kingine. Akiwa kule, ipimwe pia presha (140 kwa 90 na zaidi inahitaji kufuatiliwa) na upungufu wa damu, kwani magonjwa haya huchosha mtu kwa namna inayofanana. Kuhusu kurogwa: kama familia inataka maombi, maombi yaende pamoja na hospitali. Sharti letu ni moja, asifungwe, asinyimwe chakula, na asikatishwe dawa.

Akiandikiwa dawa ya depresheni, jueni kwamba wiki mbili za kwanza mara nyingi zinapita bila nafuu ya kuonekana, na nafuu kamili huchukua wiki sita hadi nane. Wengi huacha siku ya kumi wakisema haifanyi kazi. Wengine huacha mwezi wa pili kwa sababu wamepona, na ugonjwa unarudi. Kwa kawaida dawa huendelea miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya nafuu, na huachwa polepole kwa maelekezo ya daktari. Valium ya kununua dukani bila daktari isiwe njia yenu. Inamlaza, lakini ndani ya wiki chache mwili unaizoea, inabaki mwilini hadi kesho yake mtu akiwa kazini, na ikichanganywa na pombe inaweza kusimamisha pumzi.

Nyumbani, neno "jikaze, wewe mwanaume" lifungiwe kabisa. Mpe kazi ndogo zenye mwisho: kumwogesha mtoto saa 12 jioni, kutembea naye dakika 15 hadi barabara kubwa na kurudi. Afanye kwa saa yake hata kama hana hamu, kwa maana katika ugonjwa huu hamu huja baada ya kufanya. Usiku ugaweni. Baada ya kunyonyesha saa 3, wewe lala na mtu mwingine wa nyumba ambebe mtoto hadi anyonye tena. Mumeo naye apate saa nne au tano mfululizo katika chumba kingine, ila si peke yake kama yale mawazo ya kufa bado yapo. Na wewe mama, ukianza kuona dalili hizohizo kwako, useme kulekule kliniki ya chanjo.

"Nalinda usiku, mchana nalala vipi na watoto nyumbani?"

*Mlinzi, Bel-Air. Natoka saa 12 asubuhi. Nalala kwa saa tatu tu, nikiamka nagombana na kila mtu.*

Kahawa ya mwisho iwe saa 6 usiku, kwa kuwa nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Ukitoka kazini vaa kofia pana au miwani ya jua, jua la asubuhi likigonga macho linauambia ubongo siku imeanza. Usipitie sokoni. Kula kidogo, lala saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, dirisha likiwa limefunikwa kwa kitenge kizito mara mbili, na pamba masikioni. Saa tano hizo zilindwe na mtu mzima mmoja aliyekubali kazi hiyo, kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kukumbuka kwamba baba amelala. Ongeza usingizi wa saa moja na nusu jioni kabla ya kuondoka. Watoto wapate muda wao kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni, ukiwa umeoga na umekula. Nusu saa ya kwanza baada ya kuamka kichwa bado kina ukungu, msijadili pesa wala kumwadhibu mtoto humo.